Dr. Barnardo na Watoto Wasio na Makao

Tarehe 4 Julai, mwaka 1845, alizaliwa mtoto katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi, akaitwa Thomas John Barnardo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Thomas alipokuwa kijana hakujali mambo ya dini, lakini mwaka 1862 moyo wake uligeuka, akaanza kuwafundisha maskini wa mji ule Neno la Mungu. Halafu akasikia habari za Uchina, ya kuwa watu wa huko ni wengi na wahubiri ni wachache, akaazimu kwenda. Basi mwaka 1866 alifika London ili kwanza ajifunze utabibu.

Upande wa mashariki wa mji ule ndiko walikokaa watu maskini sana. Nyumba zao zilibanana, na maji yao yalikuwa machafu. Mwaka ule ule ugonjwa wa kipindupindu ulizuka huko ukaua maelfu ya watu, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Barnardo alipoona hayo, alikodi zizi kuukuu la punda, akalisafisha, akalifanya darasa. Alipomaliza masomo yake mwenyewe, aliwafundisha watoto wa maskini kusoma, kuandika, na habari za Bwana Yesu.

Usiku mmoja wa baridi kali, masomo yalipokwisha, wanafunzi walikwenda zao wote, ila kijana mmoja jina lake Jim Jarvis. Huyo aliketi karibu na moto asitake kuondoka. Barnardo akamwambia aende nyumbani, mama yake asije akafadhaika. Kijana akajibu kwamba hana mama, wala baba, wala nyumba. Barnardo hakusadiki. Alidhani mtoto yule anamdanganya, maana yeye mwenyewe hakuwa amepata kusikia kwamba katika mji tajiri kama ule mtoto aweza kukosa hata mahali pa kulala. Hata hivyo alimchukua chumbani kwake, akampa chakula na kahawa ya moto, akamwuliza habari zake. Mtoto akasema kwamba wako wengine wengi kama yeye, tena yu tayari kumwonyesha.

Basi usiku wa manane wakatoka pamoja. Jim akamwongoza mpaka kwenye ukuta mrefu, akaupanda, kisha akamsaidia mwalimu wake kupanda. Huko juu ya paa, pasipo blanketi wala kifuniko cho chote, walikuwa wamelala wavulana kumi na mmoja, wamejikunyata katika matambara yao, na upepo wa baridi ukiwapiga. Jim akauliza kama awaamshe. Barnardo akamkataza, kwa kuwa aliona uchungu wa kuwaamsha watoto ambao hana cha kuwapa wala mahali pa kuwapeleka. Wakashuka kimya kimya. Jim alipata makao, lakini wale kumi na mmoja hawakutoka tena katika mawazo ya Barnardo.

Tangu siku ile shauri la kwenda Uchina lilianza kulegea. Barnardo alitambua kwamba kazi aliyokuwa akiitazamia ng'ambo ya bahari ilikuwa mlangoni pake. Akazoea kutembea usiku na taa mkononi, akiwatafuta watoto chini ya madaraja, masokoni na ndani ya mapipa. Hakungoja waje kwake. Alikaa nao, akasikiliza habari zao, akawa rafiki yao.

Mwaka 1870 alifungua nyumba ya wavulana katika mtaa wa Stepney. Humo walifundishwa useremala, ushoni wa viatu na ufundi wa vyuma, ili kila mmoja apate kujilisha kwa kazi ya mikono yake. Lakini fedha zilikuwa chache na vitanda vilihesabiwa. Siku moja alikuja mvulana wa miaka 11, jina lake John Somers, akaomba aingizwe. Nyumba ilikuwa imejaa, naye akaambiwa asubiri mpaka nafasi ipatikane. Baada ya siku chache alikutwa amekufa kwa njaa na baridi. Barnardo alihuzunika mno. Akaagiza bao liandikwe na kutundikwa mlangoni, kutangaza kwamba mtoto maskini asiye na makao hatakataliwa kamwe.

Mwaka 1873 alioa mke, jina lake Syrie, naye akawa msaidizi wake katika kazi. Walipewa nyumba mahali paitwapo Barkingside, na hapo, mwaka 1876, wakafungua kijiji cha wasichana. Kilikuwa na nyumba ndogo ndogo nyingi, na kila nyumba ilikuwa na mama wa kuwalea watoto.

Hata hivyo Barnardo alikuwa mwanadamu, na mwanadamu hakosi kosa. Mwaka 1877 alishtakiwa mbele ya waamuzi. Waliona kwamba kazi yake ni njema, lakini walimlaumu kwa ajili ya picha zake, maana watoto wengine walivikwa matambara ili waonekane maskini kupita walivyokuwa. Tena tangu mwaka 1882 alipeleka watoto wengi Kanada kufanya kazi mashambani. Wako waliopata heri huko, na wako walioteswa na kulia peke yao. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza iliomba radhi kwa watoto wote waliopelekwa mbali namna hiyo.

Barnardo alifariki tarehe 19 Septemba, mwaka 1905. Siku hizo nyumba zake zilikuwa 96, nazo zilikuwa na watoto zaidi ya 8,500. Katika maisha yake yote alipokea watoto karibu 60,000.

Hakuwa tajiri wala mkubwa wa serikali alipoianza kazi hiyo. Alikuwa mwanafunzi tu, naye nusura amfukuze mtoto mmoja aliyeotea moto. Lakini alikubali kufuatana naye usiku ili aone kwa macho yake. Mtu akitaka kumsaidia maskini, na aanze kwa kumsikiliza, kwa maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.