Grace Hopper: Aliyeifundisha kompyuta kusoma maneno

Grace Hopper alifariki dunia tarehe 1 Januari mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington, jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Alikuwa na cheo cha admirali katika jeshi la wanamaji, lakini jina lake lilivuma kwa sababu ya kazi aliyoifanya mbali na bahari: kuandika maagizo ya kompyuta kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuyatumia tena.

Grace Brewster Murray alizaliwa mjini New York tarehe 9 Disemba mwaka 1906. Alipokuwa mtoto alizifungua saa za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, ili ajue zinavyofanya kazi.

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, na mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu ya hisabati katika chuo kikuu cha Yale. Jina la Hopper lilikuwa la mumewe, Vincent Hopper, ambaye walikuja kuachana mwaka 1945.

Madaftari ya kuazimana

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa mwalimu wa chuo. Aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji, na ilibidi apewe kibali maalum kwa kuwa uzito wake ulikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa.

Mwaka 1944 alipelekwa chuo kikuu cha Harvard, kwenye kikosi cha Howard Aiken. Hapo aliikuta Mark I, mashine ya kukokotoa yenye urefu wa zaidi ya mita 15, iliyopokea maagizo kwa kanda ya karatasi iliyotobolewa matundu.

Aiken alimwagiza aandike kitabu cha kuieleza mashine hiyo. Mwongozo huo, wenye kurasa zaidi ya 500, ulichapishwa mwaka 1946.

Hopper na wenzake walikuwa na desturi ya kuweka madaftarini mafungu ya maagizo yaliyokwisha kuonyesha kuwa yanafanya kazi. Aliyehitaji fungu fulani aliazima daftari la mwenzake na kunakili kwa mkono.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mwandiko ulisomwa vibaya, hata herufi B ikageuka kuwa namba 13. Isitoshe, kila fungu lilipohamishiwa katika programu mpya, namba za mahali pa kuhifadhia tarakimu zilipaswa kujumlishwa upya, na wataalamu wa hisabati walikosea hesabu hizo ndogo.

Hopper aliona kwamba kunakili na kujumlisha ni kazi ambazo mashine huzifanya vyema kuliko binadamu.

Maktaba ya maagizo

Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Kati ya mwaka 1951 na 1952 alitayarisha programu iitwayo A-0.

Mafungu ya maagizo yaliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila moja likiwa na namba yake. Mwandishi wa programu alitaja namba anazozitaka, na kompyuta yenyewe ikayatafuta mafungu hayo, ikarekebisha hesabu na kuyaunganisha.

Wengi hawakuliamini jambo hilo. Walishikilia kwamba kompyuta ni chombo cha hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Hopper hakukata tamaa. Alikwenda mbele zaidi akapendekeza kwamba watu wa biashara waweze kuiamuru kompyuta kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida badala ya alama za hisabati. Hapo ndipo ilipozaliwa lugha ya FLOW-MATIC.

Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali na makampuni walikutana ili kutafuta lugha moja ya kazi za biashara. Kamati zao ziliunda COBOL, na FLOW-MATIC ilikuwa miongoni mwa misingi yake mikuu. Hopper alikuwa mshauri wao.

Kurudi jeshini

Mwaka 1966 alistaafu, lakini mwaka uliofuata jeshi lilimwita tena. COBOL ilikuwa imeanza kutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, na programu zikawa hazihamishiki.

Kikosi chake kilitunga programu za majaribio za kupima kama kila kampuni imefuata kanuni zilizokubaliwa. Aliitwa kwa miezi sita. Aliondoka jeshini mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79.

Meli ya kivita inayobeba jina lake ilianza kazi mwaka 1997. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia, baada ya kifo chake, nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani.

COBOL ingali inatumika katika mabenki na ofisi za serikali. Nao wasaidizi wa akili bandia wanaoandika programu siku hizi hupewa miongozo ya maneno ya kawaida, inayotumika tena na tena, ikieleza jinsi ya kupanga upya programu zilizochakaa na kanuni za kuzingatia.

Mwongozo wa aina hiyo ukiwa na kosa, kosa hilo hurudiwa kila unapotumiwa, kama ilivyokuwa kwa madaftari ya Harvard. Ndiyo maana urithi wa Hopper una pande mbili: maktaba ya maagizo, na majaribio ya kuyahakiki.