William Herschel: mpiga muziki aliyegundua mwanga usioonekana

Haya wadau, wale mliowahi kutumiana milio ya simu kwa infraredi, simu zikiangaliana mezani na ole wako uguse, leo nawaletea jamaa aliyeigundua miale hiyo.

William Herschel alizaliwa mwaka 1738 huko Hannover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa bendi ya jeshi, na yeye akaingia humohumo. Mwaka 1757, vita vilipochachamaa, akahamia Uingereza. Maisha yakawa ya kufundisha muziki na kupiga kinanda kanisani mjini Bath. Chuo kikuu hakusoma. Mambo ya nyota alijisomea mwenyewe baada ya kazi.

Darubini nzuri zilikuwa ghali, basi akaanza kutengeneza za kwake nyumbani. Alikuwa anasugua kioo masaa mengi bila kukiachia, mpaka mdogo wake Caroline anamlisha mdomoni! Tarehe 13 Machi 1781 akaiona sayari ya Uranus. Mfalme George III akampa pauni 200 kwa mwaka, muziki akauacha. Caroline naye baadaye akagundua nyotamkia kadhaa.

Sasa mwaka 1800. Akiangalia jua kupitia vioo vya rangi, akashangaa kuna vioo vinapitisha mwanga kidogo lakini joto jingi. Akaupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, ukatawanyika rangi kama upinde wa mvua, akaweka vipimajoto kwenye zambarau, kijani na nyekundu. Joto likazidi kuelekea nyekundu. Kisha akasogeza kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu. Joto likapanda kuliko kote.

Msidhani alipatia kila kitu. Aliamini jua lina wakazi! Pia aliishia kuona miale ya joto na mwanga ni vitu tofauti, kumbe ni kitu kimoja, kinachotofautiana ni urefu wa wimbi tu. Alifariki mwaka 1822 akiwa na miaka 83.

Rimoti nyingi za TV zinatumia miale hiyohiyo. Wanasayansi nao bado wako nayo. Wanapima vitu vyembamba ajabu vinavyoinyonya. Grafini, tabaka moja tu la atomi za kaboni, hunyonya kama asilimia 2.3 ya mwanga. Fosforasi nyeusi ukipunguza matabaka yake, aina ya miale inayonyonya nayo inabadilika, ndiyo maana inajaribiwa kwenye vifaa vya kuhisi infraredi.

Kilichonigusa mimi niliyeishia sekondari ni kile kipimajoto. Wengi wangeishia kwenye rangi zinazoonekana, yeye akapima hata pasipo na kitu. Cheti hakikumzuia, ila kazi aliifanya kwelikweli.

Wadau mnaonaje, mtaani kwetu wa hivi wapo? Tupieni maoni hapo chini.