Adolf Martens, mhandisi wa reli ambaye jina lake limebaki ndani ya metali

LUBUMBASHI – Malori yanayoelekea Kasumbalesa hubeba shaba ya Katanga ikiwa mabamba matupu. Mbali na hapa, kiasi kidogo cha shaba huchanganywa na alumini na nikeli, au na zinki na alumini, ikawa aloi ya ajabu: ukiikunja ikiwa baridi inabaki imekunjika, ukiipasha moto inarudi yenyewe kwenye umbo lake la kwanza.

Wahandisi wanaopiga hesabu za aloi hizo hutaja kila siku jina la Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, Adolf Martens.

Martens alizaliwa tarehe 6 Machi 1850 huko Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Alisomea uhandisi Berlin, kisha akaajiriwa na reli ya Prussia, upande wa madaraja ya chuma. Wakati huo ekseli za treni zilikuwa zikikatika safarini na watu kupoteza maisha. Vipande viwili vya chuma vilifanana kwa macho, kimoja kikadumu, kingine kikavunjika.

Martens alitaka kujua kuna nini ndani. Alisugua kipande cha chuma mpaka king'ae, akakipaka asidi kidogo, akakiweka chini ya hadubini na kuchora alichokiona. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1878. Mwingereza Henry Sorby wa Sheffield alikuwa amemtangulia katika miaka ya 1860, ila wenye viwanda walikuwa hawajamsikiliza.

Mwaka 1884 alikabidhiwa taasisi ya serikali ya kupima vifaa mjini Berlin. Kazi ilikuwa kuvuta chuma, kukibana na kukivunja, ili kasoro ionekane maabara badala ya darajani. Alibuni kipimo cha vioo vidogo kilichoonyesha chuma kinarefuka kiasi gani kinapovutwa, hata urefu huo ukiwa mdogo kuliko unene wa unywele. Bila vipimo vya namna hiyo, fomula yoyote kuhusu metali ni kubahatisha tu.

Jina lake liliingia katika sayansi kupitia Mfaransa Floris Osmond. Mwaka 1895 Osmond aliita martensaiti umbile gumu, kama la sindano, linalotokea chuma chenye kaboni kinapozamishwa majini kikiwa chekundu. Mhunzi anayezamisha kisu chake majini huitengeneza bila kuijua kwa jina.

Kwenye kisu, martensaiti haina njia rahisi ya kurudi nyuma. Kwenye baadhi ya aloi inayo. Mwaka 1949, Georgy Kurdyumov na L. Khandros wa Muungano wa Kisovieti walieleza jinsi martensaiti inavyokua katika aloi ya shaba, alumini na nikeli inapopoa, na kupungua inapopashwa moto. Hapo ndipo ilipo siri ya metali kukumbuka umbo: atomu husogea kwa pamoja bila kuachana na jirani zake, kwa hiyo njia ya kurudi ipo.

Hesabu zilifuata. Mwaka 1986 Mjapani Kikuaki Tanaka alitoa fomula inayokadiria sehemu ya metali iliyogeuka martensaiti kwa kuangalia joto na nguvu inayoivuta, kisha kutoka hapo kujua itanyooka au itapinda kiasi gani. Wengine wameiboresha. Si mchezo wa darasani: aloi ya nikeli na titani hutengenezewa vijibomba vinavyopanua mishipa ya damu iliyoziba, na kijibomba kikikosea nguvu yake, anayeumia ni mgonjwa.

Martens alifariki Berlin tarehe 24 Julai 1914, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tanuri la Lubumbashi lilikuwa limeanza kuyeyusha shaba miaka mitatu tu kabla, mwaka 1911.