Maisha ya Yusufu bin Hasani, Mfalme wa Mombasa

Mtu akitoka Mbarara kwenda Nakivale huona kwanza migomba, kisha ng'ombe wenye pembe ndefu, na akikaribia ziwa huona mashamba ya mahindi na mihogo. Sisi tunaokaa katika kambi ya wakimbizi twala posho karibu kila siku, hata mtu angeweza kudhani kwamba babu zetu walizaliwa wameshika mahindi mkononi. Sivyo. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, na walioileta mimea hiyo Afrika ni Wareno. Tena walituachia maneno. Tusemapo meza, bendera, leso, karata, mvinyo na kasha, twasema maneno ya Kireno. Hata gereza ni neno lao, nalo kwao maana yake ilikuwa kanisa.

Nilipoyajua hayo niliazima kitabu katika maktaba ya shule, nikakusudia kuandika habari za Vasco da Gama. Lakini habari zake mmekwisha kuzisoma tangu shule ya msingi. Katika kurasa za mbele nilikuta habari za mtoto mmoja wa Mombasa, nikamwacha Vasco da Gama baharini na merikebu zake.

Mtoto huyo ni Yusufu bin Hasani. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wafalme wa Malindi. Wareno walipofika pwani mwaka wa 1498 watu wa Mombasa hawakuwaamini, lakini mfalme wa Malindi aliwakaribisha. Malindi na Mombasa zilikuwa na ugomvi wa zamani, na adui wa adui yako ni rafiki. Wareno waliichoma Mombasa mwaka wa 1505, wakaja kuiharibu tena baada ya miaka ishirini na zaidi. Hatimaye wakaishika kabisa, na mwaka wa 1593 wakaanza kujenga ngome kubwa iitwayo Fort Jesus, iliyochorwa na Mwitaliano jina lake Giovanni Battista Cairati. Mfalme Ahmadi wa Malindi aliletwa akae Mombasa awe mfalme huko. Basi angalieni: nyumba hii ilikuwa rafiki ya Wareno kwa miaka karibu mia moja.

Ahmadi alipokufa, mwanawe Hasani alitawala. Urafiki ukaanza kuharibika, kwa sababu kapiteni wa ngome alitaka kutawala yeye, na faida ya biashara pia aliitaka yeye. Mwaka wa 1614 ugomvi ulizidi, Hasani akakimbia Mombasa akaenda bara kutafuta kimbilio kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Wareno wakawalipa watu hao nguo, nao wakamwua mgeni wao. Mtu aliyekimbia akauzwa na watu aliowakimbilia! Habari hiyo niliisoma mara mbili, na huko kwetu Nakivale wako wazee ambao wangeielewa bila kufafanuliwa.

Yusufu alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Wareno walimchukua, wakampeleka Goa katika Bara Hindi. Goa ilikuwa mji mkuu wa Wareno upande wote huu wa dunia tangu mwaka wa 1530. Yalikuwako makanisa makubwa, na mwaka wa 1624 mwili wa Mtakatifu Fransisko Xaveri uliwekwa katika kanisa moja la huko; naye Mtakatifu huyo alipokuwa njiani kwenda Bara Hindi mwaka wa 1542 alishuka Malindi. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino walimlea mtoto, wakamfundisha kusoma na kuandika, wakambatiza. Jina la Yusufu likaachwa. Akawa Dom Jerónimo Chingulia.

Naomba nisimame hapa kidogo. Mimi pia nina majina mawili. Siku tulipoandikishwa baada ya kuvuka mpaka kutoka Kongo, karani mmoja aliandika jina langu kama alivyolisikia, na jina hilo ndilo lililo katika karatasi zangu zote hata leo. Nyumbani mama huniita jina langu la kweli. Jambo hili ni dogo, nami sina kinyongo na karani yule, kwani foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa ikinyesha. Lakini kambini wako watoto waliokuja bila wazazi, wakalelewa na watu wengine kwa lugha nyingine. Namjua mmoja asemaye Kinyankole vizuri kuliko wenyeji, wala lugha ya mama yake haijui tena. Nashindwa kufikiri atasema nini na nyanya yake wakionana. Ndiyo sababu siwezi kusoma habari za Yusufu kama habari za kale tu.

Huko Goa kijana alikua akawa kama Mreno. Alitumika katika merikebu zao za vita, akapewa heshima ya kuwa askari mtukufu wa Chama cha Kristo, akaoa mke Mkristo wa damu ya Kireno. Wareno walipendezwa naye. Waliona kwamba sasa wamepata mfalme mwenye damu ya Malindi na moyo wa Kireno, na mwaka wa 1626 wakamrudisha Mombasa akakae katika kiti cha baba yake. Mwaka uliofuata alimwandikia Baba Mtakatifu barua ya utii.

Mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Watu wa Mombasa walimwona mfalme wao amevaa Kizungu, anakwenda kanisani, anakula wasivyokula wao. Wengi hawakumtaka. Wareno nao, ingawa walimlea wenyewe, hawakumheshimu kama mwenzao. Kapiteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimtendea kwa dharau kama makapiteni wa kwanza walivyomtendea baba yake. Kisha habari zikafika kwa kapiteni kwamba mfalme huenda kwa siri kwenye kaburi la baba yake, na huko huomba Kiislamu. Kosa hilo lilikuwa kubwa. Tangu mwaka wa 1560 palikuwa na baraza Goa la kuwahukumu Wakristo waliorudi nyuma katika dini. Kapiteni akakusudia kumkamata na kumpeleka huko. Yusufu akapata habari.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1631, siku za sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mfalme aliingia ngomeni pamoja na watu wake, kama mtu ajaye kumwamkia kapiteni. Kapiteni akauawa kwa kisu, na walinzi wakauawa. Wareno waliokuwa mjini walikimbilia nyumba ya mapadri wa Mtakatifu Agostino, lakini kimbilio hilo halikuwafaa. Mfalme aliitupa dini ya Kikristo, akarudia jina la Yusufu, na waliokataa kusilimu wakauawa. Walikufa Wareno kama 150, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika wengi waliobatizwa.

Tulipozungumza habari hizi darasani tulibishana mpaka kengele ikalia. Wengine walisema alikuwa shujaa aliyemlipia kisasi baba yake na kuwaondoa wageni. Wengine walisema alikuwa msaliti, kwa kuwa alikula kiapo akakivunja. Padri anayetufundisha historia hakuchagua upande. Alisema tu kwamba mimi nitakayeandika nisiache hata nusu moja. Basi nasema kama nionavyo. Wareno walimwua baba yake kwa hila, na kosa hilo haliwezi kufichwa na makanisa yote ya Goa. Lakini watoto waliouawa Mombasa hawakumwua Hasani. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1614. Na Waafrika wale waliobatizwa walikuwa watu wa pwani kama yeye, wangeweza kuokoka kwa neno moja tu, nao wakakataa kulisema. Twawakumbuka Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni, lakini hawa wa Mombasa ni wachache wanaowajua, ingawa uchunguzi wa kufa kwao ulifunguliwa huko Goa mwaka uliofuata.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1632 Wareno walituma merikebu kutoka Goa kuja kuitwaa ngome. Hapo ndipo mafundisho waliyompa yalipowarudia, maana Yusufu alijua mizinga na vita vya Kizungu. Walipigana naye kwa wiki nyingi, wakashindwa, wakaondoka. Lakini naye alijua kwamba watarudi na nguvu zaidi. Mwezi wa Mei aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akachukua mizinga, akapanda merikebu aliyowanyang'anya Wareno, akauacha mji wa baba yake. Wareno waliporudi mwezi wa Agosti waliikuta ngome tupu.

Maisha yaliyobaki aliyamaliza baharini. Alikwenda Bara Arabu, akaonekana Madagaska na visiwa vya Komoro, akizivamia merikebu za Wareno, na wao wakimtafuta bila kumpata. Hakuwa tena na mji. Mwaka wa 1638 hivi aliuawa katika Bahari ya Shamu, tena si na Wareno bali na maharamia Waarabu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo.

Wareno hawakumweka tena mfalme wa ukoo wa Malindi katika kiti cha Mombasa. Waliijenga ngome upya, wakakaa humo mpaka mwaka wa 1698, Waarabu wa Omani walipoitwaa baada ya kuizingira kwa miaka karibu mitatu. Baadaye ngome ikawa gereza kwelikweli, hata mwaka wa 1958, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Juu ya mlango wake liko jiwe lenye maandishi ya mwaka wa 1635, ambalo nimeliona katika picha. Lilichongwa kwa amri ya kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na saba tu. Anajisifu kwa kuijenga ngome na kuwatiisha watu wa pwani. Yusufu ametajwa katika jiwe hilo kuwa ni mfalme mdhalimu, lakini jina lake halikuandikwa, wala lile la Goa wala lile alilopewa na baba yake.