Tom Mboya: Kinywa Kimoja, Lugha Mbili Zisizo na Undugu

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, nchi ya Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu ilikuwa imekwisha kuzidiwa na Dholuo. Nyumbani alizungumza Dholuo. Shuleni Kabaa, katika Ukambani, akakutana na Kikamba, akakimudu tangu utotoni.

Kwa mwanafunzi wa isimu linganishi, lugha hizo mbili ni jirani zisizo na nasaba moja. Kikamba ni cha Kibantu: mũtĩ huwa mĩtĩ, sawa na mti na miti wa Kiswahili, na kiambishi cha ngeli hutawala upatanisho wa sentensi nzima. Dholuo ni ya Kiniloti: got, yaani mlima, huwa gode; wingi hujitokeza mwishoni mwa neno, na konsonanti hugeuka. Kwa hiyo Mkamba anapojifunza Kiswahili hukuta mfumo wa ngeli anaoujua, ilhali Mluo hulazimika kuujenga upya. Mboya alizoea mifumo yote miwili mapema, akaongeza Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza.

Baada ya kusoma Yala, Mangu na Jeanes School, Kabete, aliajiriwa mwaka 1951 na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Aliishi Ziwani, katika Eastlands, mitaa ambamo serikali ya kikoloni iliwapanga Waafrika kwa kazi zao, hivyo lugha nyingi zikakutana kwenye bomba moja la maji. Katika mikutano ya hadhara, Kiswahili ndicho kilichowafikia wote.

Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa 1961 ulikuwa mtihani mkubwa zaidi: katika jimbo la Nairobi Mashariki, lenye wapiga kura wengi Wakikuyu, alipata kura zaidi ya 31,000, naye mpinzani wake, Dkt. Munyua Waiyaki, hakufikia 3,000. Wapiga kura hawakuuliza nasaba ya lugha ya mama yake.

Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi mjini Nairobi akiwa waziri, na umri wake haujatimia miaka 39. Alizikwa Rusinga. Kifo chake kiliwatenganisha Waluo na Wakikuyu kwa uchungu ambao siasa za Kenya zimeubeba kwa miongo mingi.

Sarufi linganishi hupima umbali baina ya lugha. Haipimi umbali baina ya majirani. Vijana wa Eastlands waliomfuata Mboya waliunda Sheng, inayobeba maneno ya Dholuo, Kikuyu na Kiingereza juu ya mgongo wa sarufi ya Kiswahili. Lugha zisizo na undugu zilipata hapo makao mamoja. Siasa bado zinayatafuta.