Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata nyayo za saratani ya watoto

Anayetoka Busia au Tororo kwenda Kampala hupita Jinja. Katika hospitali ya mji huo, mwaka 1957, Dkt Denis Burkitt alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto aliyevimba uso. Wiki chache nyuma alikuwa ameonyeshwa mwingine wa namna hiyo huko Mulago. Alipompima huyu wa Jinja, alimkuta na uvimbe tumboni pia. Akaanza kushuku kwamba ni ugonjwa mmoja.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Hata hivyo alisomea upasuaji, na mwaka 1946 akaletwa Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu. Yeye pamoja na madaktari wenzake, Ted Williams wa Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson, walisafiri kilomita 16,000 hadi Johannesburg na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, mahali penye malaria. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Epstein, Achong na Barr, walitangaza virusi walivyovipata katika uvimbe huo.

Leo inajulikana kwamba wengi wetu tunavyo virusi hivyo bila kuugua. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, na seli zenye virusi huzidi. Jeni iitwayo MYC ikihama mahali pake, seli huzaana ovyo. Mwilini kuna protini mlinzi, p53, inayoamuru seli mbovuife. Kwa baadhi ya wagonjwa, mlinzi huyo naye ameharibika.

Burkitt alitibu kwa dawa badala ya kisu, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata, taasisi ya saratani ilianzishwa Mulago. Alifariki mwaka 1993.

Sisi wa Busia na Tororo tunaishi katika malaria kali. Mtoto akivimba taya au meno yakilegea bila sababu, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani, wala asipelekwe kwa mganga. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani ukiwahiwa hutibika.