Paul Mauser na Mtambo Uliomzidi Umri

Paul Mauser alizaliwa mwaka 1838 mjini Oberndorf, Ujerumani, akiwa mwana wa fundi bunduki. Yeye na kaka yake Wilhelm walibuni bunduki iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1871. Wilhelm alifariki mwaka 1882. Paul akaendelea peke yake, na mwaka 1901 alipoteza jicho akiijaribu bunduki mpya.

Kazi yake kuu ni bunduki ya mwaka 1898. Komeo lake lina meno mawili mbele na la tatu nyuma kwa tahadhari. Ukucha wake mpana huishika risasi mpaka ganda lirushwe nje. Ndiyo maana mafundi wa bunduki za uwindaji huutafuta mtambo huo katika silaha kuukuu za vita, wakautilia mtutu mpya na kitako cha mjozi mkavu, kilichochongwa kwa kipimo cha bega la mwenyewe.

Mauser aliaga dunia Mei 1914, miezi michache kabla ya vita vilivyoitumia kazi yake kuangamiza watu wasiohesabika. Ufundi wake twausifu. Matumizi hayo twayasikitikia. Chuma hakichagui shabaha. Achaguaye ni binadamu.